Krimu ya kipara cha mabaka: dawa au hatari?

Mama na baba wa Makomeno na Lubumbashi nzima, tuongee kuhusu kipara cha mabaka kwa watoto wetu. Kwanza, si uchawi wala mapunye, na hakiambukizi: kinga ya mwili yenyewe inashambulia mizizi ya nywele.

Kwa upande mmoja, krimu ya klobetasoli hutuliza shambulio hilo, na nywele zinaweza kuota tena. Kwa upande mwingine, krimu hiyohiyo wengine wanaitumia kujichubua ngozi. Ikipakwa ovyo, ngozi inakuwa nyembamba. Na kama kumbe mabaka hayo ni mapunye, inayazidisha. Isitoshe, mabaka machache mara nyingi hupona yenyewe ndani ya mwaka.

Basi tujiulize: nani atakitazama kichwa cha mtoto kabla mzazi hajafika farmasi?