Kusoma Matabaka ya Mawe ya Chokaa

Leo twapenda kusema habari za mawe ya chokaa, na namna ya kuyaandika katika daftari palepale yalipo.

Mtu apitaye penye mapango ya Amboni, kaskazini ya Tanga, huziona kuta za kijivu akadhani ni jiwe moja. Sivyo. Mawe yale yalifanyika chini ya bahari, tabaka juu ya tabaka, katika zama za Jurasiki, yapata miaka milioni 150 iliyopita. (Matumbawe yaliyojenga Ngome ya Yesu, Mombasa, tangu mwaka 1593, nayo ni chokaa, ila ni mtoto mbele ya hayo.) Tabaka la chini ndilo lililotangulia, isipokuwa ardhi imepinduka, basi twaanza kuandika chini, tukapanda.

Kwanza twasimama mbali, tukauchora ukuta mzima. Kisha twakaribia na futi, nyundo, dira na siki. Unene hupimwa kwa pembe mraba na tabaka lenyewe. Likiwa limeinama, futi iliyonyoshwa wima hutoa unene wa uongo. Mwinamo nao huandikwa, na upande uelekeao.

Twavunja kipande, maana uso wa nje umechakazwa na mvua. Rangi zote mbili huandikwa. Je, chembe zaonekana kwa macho, au jiwe ni laini kama tope lililogandamana? Mna makombe? Ni mazima au vigae? Vigae mara nyingi huonyesha maji yenye nguvu. Tope laini, maji yaliyotulia. Tukwaruze unga kidogo, tuudondoshee siki: ukitoa povu, mna chokaa.

Hapa wanafunzi wengi huharakisha. Wakiona kombe huandika “bahari ya kina kifupi”, wakasahau kuliandika kombe lenyewe. Ukurasa wa kushoto na uwe wa tuyaonayo, wa kulia wa tuyadhaniayo. Jambo hili si dogo. Penye machimbo, ukuta tuliouchora Jumatatu waweza kuvunjwa Ijumaa, ukaenda tanuuni. Ajaye baadaye hana ukuta wa kuuliza, ana daftari tu. Akikuta humo dhana peke yake, hana njia ya kuipima.

Kwa machimbo, tuombe ruhusa ya mwenyewe, wala tusisimame chini ya jabali lililoning’inia. Na kila kipande tuchukuacho kiandikwe namba kwa wino, na mshale wa kuonyesha upande uliokuwa juu, kabla hakijatiwa mfukoni.