Maumivu Yasiyongoja Asubuhi
Wasikilizaji, tuseme mtu alipasuliwa apunguze uzito, tumbo likafanywa dogo na utumbo ukaungwa upya. Miezi minane baadaye yuko mjini Mackinnon Road, karibu na msikiti wa Sayyid Baghali, kajikunja, jasho jembamba linamtoka. Msimwambie ni gesi. Mafuta yaliyozunguka utumbo yakishayeyuka, mianya iliyoachwa na upasuaji hupanuka. Utumbo ukipenya humo na kujisokota, damu huweza kukatika kwa saa chache. Pengine ni vijiwe vya nyongo, maana kukonda haraka huvileta. Naomba sana, asinunue ibuprofeni: huchimba kidonda pale palipoungwa. Mombasa ni zaidi ya kilomita 70, na malori barabarani mnayajua. Gari litafutwe sasa hivi, na daktari aambiwe kwanza kabisa: huyu alipasuliwa, na lini.