Siku 103 za Mfalme Guangxu: Ingekuwaje?



Tarehe 11 Juni 1898 Mfalme Guangxu wa China alianza kutoa amri za mageuzi: shule za kisasa, mitihani mipya ya utumishi, kufuta vyeo visivyo na kazi. Siku ya 103, mama yake mkubwa, Cixi, alirudi madarakani na kumfungia ndani. Wanamageuzi sita, akiwemo Tan Sitong, walikatwa vichwa. Kang Youwei alikimbilia nje.

Wengi husema angeachwa tu, China ingekuwa kama Japani, na nasaba ya Qing isingeanguka mwaka 1912. Mimi nina shaka. Guangxu alikuwa na kalamu, hakuwa na jeshi. Maofisa wengi walizipokea amri zake wakanyamaza, wakisubiri kuona nani ana nguvu. Sisi wauguzi tunajua: dawa iliyobaki kwenye karatasi haimponyi mgonjwa.

Cixi mwenyewe alikuja kufuta mitihani ya kale mwaka 1905. Guangxu alikufa siku moja kabla yake, Novemba 1908. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2008 vilionyesha sumu ya aseniki.

Swali langu ni hili: ingekuwaje kama angeanza na machache, akiwavuta kwanza magavana waliotaka mabadiliko, kama Zhang Zhidong?

Nasi tulio ughaibuni humsubiri kiongozi mmoja abadili yote kwa amri. Je, nani atazitekeleza?

Naomba kuwasilisha.