Neno la Siku Hiyo Hiyo: Afya ya Wanafunzi wa Mpakani katika Muhula wa Tatu

Hotuba ya Ofisi ya Uhusiano wa Polisi na Jamii kwa wazazi na walezi wa shule za msingi, Busia



Huenda wapo miongoni mwenu wanaojiuliza polisi na homa ya mtoto vinahusiana vipi. Mmezoea kutuona barabarani na vizuizini, na mkituona shuleni hudhani kuna aliyeiba. Jibu letu ni fupi. Ibara ya 212 ya Katiba ya Uganda inapotaja kazi za Jeshi la Polisi inaanza na kulinda maisha na mali. Maisha yametangulia kutajwa, na mali imefuata. Mtoto anayepoteza uhai kwa sababu habari za ugonjwa wake zilichelewa ni uhai tuliokabidhiwa kuulinda, sawasawa na yule anayegongwa na lori barabarani.

Tuanze na habari za msimu. Muhula wa tatu umeanza mwezi huu wa Septemba, nao utamalizika mwanzoni mwa Desemba. Watoto wa darasa la saba watafanya mtihani wao wa mwisho mwezi Novemba, na wenzao wa ng'ambo nao wako katika muhula wa kufunga mwaka. Muhula huu unakwenda sambamba na mvua za pili za mwaka. Mvua hiyo hiyo inayostawisha maharage yetu huacha madimbwi ambamo mbu huzaliana, na hukokota uchafu wa vyoo mpaka kwenye visima na vijito. Basi ugonjwa unazidi wakati ule ule ambao mzazi anasita zaidi kumpumzisha mtoto, kwa hofu ya kukosa mtihani. Mtoto anaamka na homa, anapewa nusu kidonge kilichobaki kwa kaka yake, anavishwa sare na kuambiwa ajikaze. Mchana mwalimu anamkuta amelala juu ya dawati, wala hajui alianza kuumwa lini.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi watu wa mpakani tumeyaona. Tarehe 20 Septemba 2022 serikali ilitangaza mlipuko wa Ebola ulioanzia Mubende. Mpaka ulipotangazwa kuisha Januari 2023, vifo vilivyothibitishwa kwa vipimo vilikuwa 55. Watoto nao waliguswa, na shule za nchi nzima zilifungwa tarehe 25 Novemba, wiki mbili kabla ya wakati. Kabla ya hapo, kwa sababu ya korona, madarasa yetu yalifungwa Machi 2020 na hayakufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Wapo watoto walioondoka darasani wakati ule wasirudi tena. Baadhi waliozwa, baadhi wakawa wachukuzi wa mizigo. Kwa hiyo ugonjwa uliofichwa nyumbani unaweza kuja kuwa hasara ya shule nzima.

Neno letu la leo, basi, ni moja: habari ya mtoto mgonjwa itolewe siku hiyo hiyo. Apewe mwalimu, na apewe mhudumu wa afya wa kijiji. Isingoje Jumatatu, isingoje siku ya soko, wala isingoje baba arudi kutoka safarini.

Kuhusu homa. Katika eneo letu, homa ya mtoto ihesabiwe kuwa huenda ni malaria mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Kipimo cha haraka huhitaji tone moja la damu ya kidole, na majibu hutoka kabla hamjamaliza mazungumzo. Mtoto apelekwe ndani ya saa 24 tangu homa ianze, kwa kuwa malaria kali huweza kumwangusha mtoto kwa siku moja au mbili tu. Akipewa dawa mseto, ameze asubuhi na jioni kwa siku tatu kamili, hata kama siku ya pili ameonekana akicheza mpira. Vidonge vya mtoto mmoja havigawanywi kwa watatu. Na mkiona degedege, au mtoto anatapika kila anachomeza, au hawezi kunywa, au anapumua kwa shida, au amelegea hata haamki vizuri, hapo hakuna kungoja pambazuko. Degedege si jambo la kumtafutia mganga kwanza. Ni jambo la kukimbilia kituo cha afya.

Kuhusu kuhara. Kinachomuua mtoto upesi anapoharisha ni kuishiwa na maji mwilini. Pakiti za chumvichumvi za kuchanganya na maji, pamoja na vidonge vya zinki, hutolewa katika vituo vya afya na aghalabu kwa wahudumu wa kijiji. Zikikosekana kwa saa hiyo, pima lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, koroga, umnyweshe kidogo kidogo mkiwa njiani kuelekea kituoni. Msizidishe chumvi. Mtoto anayeharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele apelekwe mara moja, na jirani aambiwe, maana hiyo ni dalili ya kipindupindu, na kisima chenu huenda ni kimoja.

Kuhusu vipele na homa. Mpox ilipotangazwa na Shirika la Afya Duniani kuwa dharura ya kimataifa tarehe 14 Agosti 2024, Uganda ilikuwa imekwisha kubaini wagonjwa wake wa kwanza wilayani Kasese, mpakani na Kongo. Maradhi husafiri na wasafiri, na sisi tunaishi kwenye njia ya wasafiri. Mtoto mwenye homa na vipele vyenye maji asilale godoro moja na wenzake, asitumie taulo moja nao, na asiende shule mpaka mhudumu wa afya amwone. Kumbakiza nyumbani si kumwadhibu wala kumwaibisha. Tunawaomba walimu na watoto wasimpachike jina la ugonjwa atakaporejea.

Tusisahau kinga. Kila Oktoba, kama ilivyo Aprili, watoto wetu hupewa dawa za minyoo na matone ya vitamini A. Wasichana waliotimiza miaka 10 huchanjwa dhidi ya virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, na nchi zote mbili zina chanjo hiyo. Wadogo zao wachanga sasa wana chanjo ya malaria, iliyoanza kutolewa Uganda Aprili 2025, na ambayo majirani zetu wa magharibi ya Kenya waliitangulia tangu 2019. Ratiba za nchi mbili si lazima zilingane. Kwa hiyo kadi ya mtoto itunzwe kama hati ya shamba, na aendaye kuchanjwa upande wowote aende nayo, ili mtoto asirudiwe wala kurukwa.

Sasa tuliseme lililo gumu. Tunajua kwa nini baadhi yenu hunyamaza. Wasamia na Wateso waliishi pande zote mbili kabla mpaka haujachorwa. Mtoto anaweza kulala kwa nyanya yake ng'ambo na kusoma upande huu. Mama anaweza kuuza nyanya na samaki hapa bila karatasi zote kukamilika. Mtoto akiugua usiku, mzazi wa namna hiyo haogopi homa peke yake. Anaogopa swali la askari: kitambulisho chako kiko wapi? Basi hukwepa barabara kuu na kupita njia za panya, penye giza na vijito vilivyofurika, akiwa amembeba mtoto anayetetemeka. Au huamua kungoja asubuhi. Saa hizo anazozipoteza ndizo mtoto alizozihitaji.

Tunalisema hadharani ili kila mmoja aweze kutukumbusha. Askari wetu anapokutana na mzazi aliyembeba mtoto mgonjwa, swali la kwanza ni mtoto anaumwa nini, na kituo cha afya kilicho karibu ni kipi. Mambo ya karatasi yana wakati wake, na wakati huo ni baada ya mtoto kutibiwa. Mkipita mpakani mkakutana na wahudumu wa afya wanaopima joto la mwili, waambieni ukweli. Kazi yao ni kuzuia ugonjwa usivuke, nao hawamkamati mtu kwa sababu ya homa. Huduma katika vituo vya afya vya serikali upande wetu hazina ada tangu mwaka 2001. Na mtu yeyote akikudai fedha ili akupishe na mtoto mgonjwa, awe amevaa sare au hakuvaa, fika kwa mkuu wa polisi wa wilaya useme jina, mahali na saa. Tutalisikiliza shauri hilo bila kukuuliza umelala nchi gani.

Lipo pia jambo la rejista. Mwalimu akiita majina asubuhi na watoto watano wakakosekana, hawezi kujua kama wanaharisha au wamebeba katoni za magendo porini. Yote mawili hutokea hapa kwetu, na yote mawili ni hatari. Mzazi anapotuma neno siku hiyo hiyo, mwalimu hutenganisha mgonjwa na mtoro. Watano wa darasa moja wakiwa na ugonjwa mmoja, mwalimu atamwita mhudumu wa afya kabla hawajawa hamsini. Asiyekuwa mgonjwa, naye hajulikani alipo, atatafutwa mapema, kabla mtu mzima asiye na huruma hajamfanya mchukuzi wake. Anayemtuma mtoto kuvusha mizigo saa za masomo anavunja sheria, na kwa huyo hatutakuwa na maneno matamu kama ya leo.

Kwa hiyo tunawaomba wazazi wampe mwalimu wa darasa namba mbili za simu: moja ya mzazi, na nyingine ya mtu mzima wa nyumba ambayo mtoto hulala, hata kama iko ng'ambo. Namba hizo zibaki kwa mwalimu; zisiandikwe kwenye begi la mtoto ambapo kila mpita njia ataziona.

Mwisho, usafiri. Husimuliwa kwamba neno bodaboda lilizaliwa papa hapa Busia, wakati vijana walipowavusha watu kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka. Ni jina letu, basi tulitunze. Sheria yataka abiria mmoja kwa pikipiki. Kila asubuhi tunawaona watoto wanne wamebanwa juu ya tangi na kiti, katikati ya malori yanayongoja kuvuka, na mvua imeifanya barabara kuwa utelezi. Safari za namna hiyo tutazisimamisha. Lakini mama aliyempakata mtoto mgonjwa akielekea kituo cha afya, huyo tutampisha, na ikibidi tutamtangulia ili malori yampe njia.

Ndugu wazazi, tumezungumza mengi, lakini mtakayoyabeba ni machache. Mtoto akiugua, semeni siku hiyo hiyo. Mtoto akiwa na homa, apimwe ndani ya saa 24. Kadi yake isiachwe nyumbani. Njia za panya zisiwe njia za wagonjwa. Mkiwa na shaka yoyote juu ya usalama wa mtoto, namba 116 hupigwa bila malipo Uganda na vilevile Kenya. Kwa dharura ya polisi, 999 hufanya kazi pande zote mbili. Mnaona kwamba hata simu zetu zimekwisha kukubaliana kuwa mtoto ni mmoja.

Nasi tutazunguka shule za msingi za mpakani muhula huu wote, pamoja na wahudumu wa afya, ili watoto watuzoee wakiwa wazima na wasitukimbie wakiwa wagonjwa. Mkituona langoni, msidhani kuna aliyeiba. Tumekuja kuuliza ni nani hakufika leo, na kwa nini.

Tunawatakia muhula wenye afya, na darasa la saba tunawatakia mtihani mwema.