Kipimo cha Maji

Jumapili ya 25 ya Mwaka C
Amosi 8:4-7; Luka 16:1-13



Injili ya leo yatusimulia habari za wakili aliyeitwa kutoa hesabu ya mali isiyokuwa yake. Na Bwana wetu anahitimisha kwa fundisho lililo wazi: aliye mwaminifu katika kitu kidogo ndiye awezaye kukabidhiwa kilicho kikubwa. Basi tukitazame kitu kidogo kweli kweli, yaani bustani iwezayo kukaa juu ya meza.

Ni chupa pana ya kioo yenye mfuniko. Chini huwekwa kokoto, juu yake mkaa uliopondwa, kisha udongo, na ndani ya udongo hupandwa makangaga na mimea mingine midogo ipendayo kivuli. Wataalamu huiita terariamu. Mwaka 1829 daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, alimfungia mdudu ndani ya chupa yenye udongo mbichi, akingoja ageuke kuwa nondo. Badala yake akaona kangaga na jani vikichipua humo. Bustani yake ya nje ilikuwa imeshindwa kwa moshi wa makaa ya mawe, lakini ndani ya kioo uhai uliendelea. Mwaka 1833 akapeleka mimea Australia kwa meli ndani ya masanduku ya kioo, nayo ikafika ikiwa hai.

Siri yake ni nini? Maji hayapotei. Mizizi huyanywa, majani huyatoa kama mvuke, mvuke hugusa kioo na kuwa matone, na matone hurudi udongoni. Kitabu cha Mwanzo nacho, kikisema mvua ilikuwa bado haijanyesha, chasimulia ukungu uliopanda kutoka ardhini na kuinywesha nchi. Mwenye chupa hiyo huona jambo la namna hiyo kila asubuhi mezani pake.

Lakini bustani hii yahitaji mtunzaji, na utunzaji wake ni wa kipimo. Kioo kikifunikwa na ukungu mchana kutwa, maji yamezidi. Fungua mfuniko upate hewa. Kioo kikikauka kabisa, ongeza maji kidogo, si kikombe kizima. Usiiweke juani, maana kioo hukusanya joto na mimea itaungua. Jani lililooza liondolewe mapema, kwa kuwa uozo wa jani moja huenea kwa yote. Na mimea mingi ya chupani haifi kwa kiu. Hufa kwa kuzidishiwa maji na mkono usiojua kusema, yatosha.

Ndugu wapendwa, sisi wa miteremko ya Kilimanjaro tunaishi katika bustani ya namna hiyo, ingawa haina mfuniko. Juu ya vihamba vyetu kuna msitu. Huko mvua ni nyingi kuliko ile ya Moshi mjini, na mawingu yakipita hunaswa na matawi, yakadondoka tone kwa tone. Wengi hudhani maji yetu hutoka kwenye barafu ya Kibo. La hasha, sehemu kubwa hutoka kwa mvua na ukungu wa msitu, huzama ardhini, kisha huibuka katika chemchemi. Mababu zetu wakachimba mifongo, wakayaongoza maji hayo kwenye migomba na kahawa, wakaweka na zamu ili kila nyumba ipate. Yanayosalia hushuka hadi mpunga wa Mabogini na Chekereni, na mto ukaendelea hadi bwawa la Nyumba ya Mungu.

Hapa nabii Amosi anatusemesha kwa ukali. Anawakemea wafanyabiashara waliopunguza kipimo ili wamnyonye maskini. Sisi labda hatuna mizani ya uongo. Lakini yule anayeamka usiku na kugeuza maji ya mfongo wakati si zamu yake, je, hakupunguza kipimo cha mjane aliye bondeni? Yule mama ataamka alfajiri na jembe lake, akute mfereji mkavu na maharage yamenyauka, wala hatajua amshitaki nani. Na yule anayeosha bomba la dawa ya kahawa ndani ya mfongo, je, hajui kwamba chini kuna mtoto anayechota? Katika chupa, kitu kibaya kikitiwa hubaki humo humo. Mlimani vivyo hivyo: tulichokitupa juu, mwenzetu hukikuta chini.

Moto nao umekwisha kutuonya. Mwaka 2020, na tena mwaka 2022, sote tuliuona moshi ukipanda kutoka mlimani. Kila mti unaoungua ni mkono mmoja pungufu wa kukinga ukungu.

Nawaombeni makatekista, tengenezeni chupa moja pamoja na watoto wa mafundisho. Wapangiane zamu ya kuitunza, na kila Jumapili mmoja wao atoe hesabu ya uwakili wake. Ila msiende kung'oa mimea msituni. Tangu mwaka 2005 msitu ule umo ndani ya Hifadhi ya Taifa, na yamo maua yasiyopatikana penginepo duniani, kama lile dogo lenye rangi nyekundu na njano, *Impatiens kilimanjari*. Ombeni kwa jirani. Ua la urujuani la Usambara, linalopandwa leo madirishani katika nchi nyingi, huoteshwa kwa jani moja tu lililochomekwa udongoni. Jani moja latosha. Hakuna haja ya kuubomoa msitu.

Na kuna jani jingine mnalolijua. Wazee wetu walipanda masale mipakani mwa kihamba, na mtu aliyemkosea mwenzake alimpelekea jani la isale kuomba msamaha. Aliyeletewa hakuthubutu kulikataa. Kama wiki hii unajua moyoni kwamba maji uliyonyweshea shamba lako yalikuwa ya mwingine, usingoje kuitwa kutoa hesabu. Shuka bondeni, bisha hodi, omba radhi. Kisha mrudishie zamu yake.

Mungu Mwenyezi, aliyetukabidhi mlima huu tuutunze, atujalie mikono yenye kipimo na mioyo yenye haki. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.