Tufundishe Uchumi kwa Gunia la Kahawa

(Haya ni mazungumzo aliyoyatoa mwandishi wetu mbele ya walimu wa uchumi, biashara na historia mjini Moshi.)



Nilipoalikwa kuja kuzungumza nanyi niliachiwa nichague neno lolote linalohusu ufundishaji wa uchumi. Nimechagua kahawa, na sababu yake ni hii.

Nilisoma katika shule moja ya sekondari hapa mlimani, ambayo sitaitaja. Mwalimu wetu alitusomea maana ya ugavi na mahitaji kutoka katika daftari lake, nasi tukaandika. Mifano yake ilikuwa ya ngano ya Kanada na chuma cha Ujerumani. Nje ya dirisha, hatua zisizozidi hamsini, kahawa ya jirani ilikuwa imeanikwa juu ya meza za waya. Mwaka ule ule babu yangu alikuwa aking'oa mibuni kihambani ili apande nyanya, na hapana hata mmoja wetu aliyemwuliza mwalimu kwa nini. Mtihani tulifaulu. Babu tulimwona kuwa ni mzee mwenye hasira tu.

Huko Marekani, Chuo cha Biashara cha Harvard, kilichoanzishwa mwaka 1908, kilijifunza kwa wanasheria njia ya kufundisha kwa visa. Mwanafunzi hupewa kurasa chache zinazoeleza tatizo la kweli la shirika la kweli, na hesabu zake zimo. Akiingia darasani haulizwi maana ya neno fulani, huulizwa, "Ungekuwa wewe, ungefanya nini?" Miaka ya karibuni Profesa David Moss wa chuo hicho amepeleka njia hiyo katika historia ya siasa, na mwaka 2017 alitoa kitabu cha visa vya demokrasia ya nchi yake.

Njia ni nzuri, nami naiunga mkono. Lakini ina kasoro ambayo hatuna budi kuitambua mapema: humkalisha mwanafunzi katika kiti cha meneja, mara zote. Mfanyakazi na mkulima huonekana katika kisa kama gharama tu. Sisi hatulazimiki kukiiga kiti hicho. Mwanafunzi wa Moshi akae pia juu ya gunia, mahali anapokaa mwanachama akisubiri kahawa yake ipimwe.

Visa vyenyewe tunavyo. Mwaka 1925 wakulima wa Kichagga, wakiongozwa na Joseph Merinyo, waliunda chama cha wapanda kahawa wa Kilimanjaro. Masetla hawakupenda Mwafrika alime kahawa ya arabika. Walisema ataleta magonjwa katika mashamba yao, na tunajua kwamba waliogopa zaidi kukosa vibarua, kwani mtu mwenye mibuni yake haendi kupalilia ya mwingine. Chama kilipoingia katika matatizo ya fedha, serikali ya kikoloni ilipata nafasi iliyokuwa ikiitaka. Ilitunga sheria ya vyama vya ushirika mwaka 1932, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, ikiwa na meneja Mwingereza.

Hapo ndipo kisa kinapokolea. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka duniani. Mkulima aliona mfanyabiashara mwenye fedha taslimu mkononi, lakini amri iliyopitishwa kwa jina la watawala wa jadi ilimlazimisha auze kwa KNCU peke yake. Mwaka 1937 zilitokea ghasia, vyama vikashambuliwa, na serikali ikazizima kwa nguvu. Mwaka huo huo ilitunga sheria nyingine ya kudhibiti uuzaji wa kahawa ya wenyeji.

Mwalimu asiwaambie wanafunzi nani alikuwa na haki. Awagawe: huyu awe mangi, yule mfanyabiashara, yule meneja, na wengine wawe wakulima. Asimsahau mama, ambaye huchuma na kumenya kahawa, ilhali kadi ya uanachama mara nyingi ni ya mume. Kisha awaulize: je, soko la mnunuzi mmoja lilikuwa ngao ya mkulima au kamba ya kumfungia? Nimewahi kulijaribu swali hili kwa vijana, wakabishana mpaka kengele ikalia mara ya pili. Mimi mwenyewe naamini lilikuwa vyote viwili, na kwamba watu hawakuuchukia ushirika, walichukia kutoulizwa.

Ama kwa upande wa fedha, nawaletea hesabu ndogo ya kubuni. Chama cha msingi kimekusanya kilo 10,000. Kimekopa benki shilingi milioni 20 ili kitoe malipo ya awali ya shilingi 2,000 kwa kilo. Riba ni asilimia 15 kwa mwaka, na kahawa imekaa miezi sita kabla ya kuuzwa. Basi riba ni milioni 1.5. Usafiri, ukoboaji na ushuru ni milioni 4. Ikiuzwa kwa wastani wa shilingi 2,800 kwa kilo, zinabaki milioni 2.5, yaani malipo ya pili ya shilingi 250 kwa kila kilo. Ikiuzwa kwa shilingi 2,400, chama kina deni la milioni 1.5. Nani atalilipa? Mkulima amekwisha kulipia ada ya shule kwa zile 2,000. Benki haina simile. Katika swali hilo moja mna mtaji, riba, dhamana na hatari za bei, na mwanafunzi atayakumbuka maneno hayo kwa sababu baba yake amewahi kurudi kutoka mkutano wa chama akiwa kimya.

Sasa nifike mahali ambapo baadhi yenu mnasubiri kuona kama mwandishi wa gazeti la Chama atapapita kwa kunyata. Mei 1976 Serikali yetu ilivunja vyama vikuu vya ushirika, KNCU ikiwemo. Zilikuwapo sababu: uongozi mbovu na wizi havikuwa hadithi. Lakini mwaka uliotangulia, Julai 1975, sakitu kali iliua mibuni ya Brazili, na bei ya dunia ikapanda sana. Neema ilikuja wakati mkulima amepoteza chombo chake cha kudai sehemu yake. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha vyama hivyo, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri mwaka 1984 kwamba kuvivunja lilikuwa kosa. Kama yeye aliweza kulisema, sioni kwa nini mwalimu wa kidato cha tatu aogope kulijadili. Baadaye ulikuja mwaka 1989, mgao wa mauzo wa nchi zinazolima kahawa ulipovunjika na bei kuporomoka, kisha msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi waliporuhusiwa. Mibuni ya babu ilikuwa ikisikiliza yote hayo.

Najua mtaniambia kwamba darasa lina wanafunzi themanini na mtihani hauulizi habari za KNCU. Ni kweli, na wakaguzi hawanipi mimi lawama, huwapa ninyi. Sisemi muache muhtasari. Nasema kipindi kimoja kwa mwezi kitengwe kwa kisa kimoja, chenye kurasa mbili tu. Chuo cha Ushirika kilichoanzishwa hapa mwaka 1963, ambacho tangu mwaka 2014 ni chuo kikuu kamili, kiko mjini humu humu. Kina walimu waliozama katika mambo haya, na hodi haitozwi ada.

Anzeni na wanafunzi wenyewe. Kila mmoja aje na stakabadhi moja ya kahawa kutoka nyumbani, hata iliyokunjwa na kuliwa na mende. Mtu mmoja amenionyesha ya marehemu baba yake: kilo 43, malipo ya awali yameandikwa kwa wino wa buluu, na mahali pa malipo ya pili pako wazi hadi leo. Mpeni mwanafunzi stakabadhi ya namna hiyo, mumwambie aeleze kilichotokea.