Miezi Sita: Mdogo Wako Amefika Wapi?

Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Konde, Pemba

Najua wengine mmekuja mkidhani leo tutazungumza mambo ya mapenzi. Siyo. Leo tunamzungumza mtu ambaye hawezi hata kutaja jina lake: mtoto wa miezi 6. Usinune. Wewe unaye nyumbani, au yupo kwa jirani, au kwa dada yako aliyeolewa. Mama akitoka kwenda kwenye mwani au kuchuma karafuu, mtoto anabaki na nani? Na wewe. Na wavulana msiwatazame wasichana, nasema nanyi pia.

Kuna swali ambalo nikipita mitaani lazima niulizwe: "Mtoto wa fulani keshakaa kitako, wetu bado. Ana nini?" Likishaulizwa, mama anainamisha kichwa, bibi anataja jicho la watu, na shangazi anaanza kumvuta mtoto mikono akae kwa nguvu. Basi tulijibu.

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti uliofuatilia watoto 816 wenye afya njema katika nchi za Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Wengi wenu mna jamaa Oman, kwa hiyo asiseme mtu kwamba ni watoto wa Kizungu tu. Ilionekana kwamba mtoto mzima, asiye na tatizo lolote, anaweza kukaa bila kushikwa akiwa hajatimiza miezi 4, na mwingine mzima vile vile akangoja mpaka miezi 9. Kutambaa kwa mikono na magoti ni kati ya miezi 5 na 13. Na wako wachache ambao hawakutambaa hivyo kabisa, walisimama dede wakaenda zao. Kutembea peke yake ni kati ya miezi 8 na 17.

Kwa hiyo mtoto wa jirani si rula ya kumpimia wa kwenu. Na kama mdogo wako alizaliwa kabla ya siku zake, hesabu miezi yake kuanzia siku aliyotarajiwa kuzaliwa. Mtoto aliyewahi miezi 2, akifika miezi 6 kwa kalenda, mtazame kama wa miezi 4.

Sasa utazame nini? Anza na shingo. Katika miezi 6 shingo iwe imekakamaa, kichwa hakianguki ukimbeba begani. Mlaze kifudifudi juu ya mkeka, atajiinua kwa mikono kama anayetafuta aliyemwita. Wengi wanajigeuza wenyewe. Ukimkalisha anaegemea mikono yake mbele, kisha anaanguka ubavu, na hilo ni sawa. Mwoneshe kijiko: ataufikisha mkono, atakishika, atakitia kinywani. Wengine wanakihamisha kutoka mkono huu kwenda ule, na hiyo si kazi ndogo, ubongo umeshajua kwamba mikono yote miwili ni yake. Anacheka kwa sauti. Anazijua sura za nyumbani. Ukisema naye ananyamaza, kisha anakujibu kwa lugha yake. Usimdharau. Mjibu na wewe, kwa zamu, kama mnavyozungumza barazani. Hayo ndiyo masomo yake ya kwanza, na hayana ada.

Kumvuta mikono hakumfundishi kukaa. Kile kigari cha plastiki chenye magurudumu nacho usimnunulie: hakimwahishi kutembea, ila kinamfikisha haraka jikoni na kwenye ngazi. Mpe nafasi chini, mkeka safi, na macho yako. Kumbuka kila kitu kinakwenda kinywani. Sarafu, kokwa ya ubuyu, betri ya saa, mafuta ya taa yaliyotiwa kwenye chupa ya soda. Viondoe kabla hajavifikia, maana siku atakayojigeuza mara mbili kukifuata kitu hatokuaga.

Hapa kuna jambo la kwetu Pemba ambalo nataka ulijue vizuri. Mtoto anazaliwa na akiba ya madini ya chuma, na akifika miezi 6 akiba hiyo inakwisha. Maziwa ya mama ni mazuri na aendelee nayo, lakini chuma kilichomo hakitoshi tena. Ndiyo maana chakula kinaanza miezi 6, si kabla. Uji mweupe wa muhogo peke yake unashibisha tu. Tia dagaa waliosagwa, samaki asiye na miba, maini, yai, kunde au choroko zilizopondwa, na kamulia ndimu kidogo, inasaidia mwili kukipata chuma. Chai usimpe. Inakizuia.

Miaka ya 2000 watafiti walifuatilia watoto hapa kisiwani na kuona kwamba wenye upungufu wa chuma walichelewa kutembea, na waliopewa dawa ya chuma na foliki walitembea mapema kidogo. Utasema basi tununue dawa ya kuongeza damu tumpe kila mtoto. Ngoja. Katika utafiti mkubwa uliofanyika hapa hapa Pemba, wenye watoto zaidi ya 24,000, na ambao Maabara ya Ivo de Carneri ya Chake Chake ilishiriki, waliopewa dawa hiyo walikuwa na hatari ya kufa au kulazwa iliyozidi kwa asilimia 12. Wakati huo malaria ilikuwa imejaa kisiwani. Mwaka 2003 wakaacha kuwapa watoto chuma, na matokeo yakachapishwa 2006. Lakini katika kundi dogo lililopimwa damu na kutibiwa malaria vizuri, watoto waliokuwa na upungufu kweli walifaidika.

Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo wake kwa sababu ya watoto wa Pemba. Malaria imepungua sana tangu hapo, lakini haijakwisha. Kwa hiyo dawa ya chuma ya mtoto haichukuliwi dukani kwa kubahatisha wala haiazimwi kwa jirani. Anapimwa damu kwanza, anakaguliwa malaria, na alale ndani ya chandarua.

Nimesema usimpime kwa mtoto wa jirani. Sikusema usubiri kila kitu. Mtoto wa miezi 6 ambaye shingo bado inalegea, au mwili ni mkavu kama ubao, au ni tepetepe kama kitambaa. Anayetumia mkono mmoja tu. Asiyegeuka ukipiga sahani nyuma yake. Asiyefuata kitu kwa macho, asiyecheka na mtu. Au aliyekuwa akifanya jambo kisha akaliacha: huyo apelekwe kituo cha afya wiki hii, na kama ni lazima, hospitali ya Micheweni. Dua isomwe, hakuna anayekataza, lakini safari ya kituo isingoje. Wako watoto waliofichwa chumbani kwa aibu mpaka wakafika umri wa kwenda skuli, na mazoezi ya viungo ambayo yangewasaidia katika mwaka wa kwanza yakawakuta miili imeshakaza. Mama hakulaaniwa. Mtoto hakubadilishwa na shetani. Asiyesikia anaweza kufundishwa ishara, na mapema ndiyo bora.

Mama akiogopa kwenda peke yake, fuatana naye. Chukua kadi ya kliniki, na uandike kwenye karatasi vitu vitatu: alizaliwa wakati wake au kabla, alilia mara moja alipozaliwa au alichelewa, na umeona nini, tangu lini. Wewe ndiye unayeshinda naye, kwa hiyo hilo la tatu huenda ukalijua kuliko yeyote nyumbani.